Kabla ya kuchagua Kotlin au Flutter, ijue kwanza RAM ya mtumiaji wako

Vijana wanaoanza kutengeneza apu za simu huniuliza: nijifunze lugha ipi ili apu yangu iwe nyepesi? Jibu lipo, na nitalitoa, ila peke yake halitakufikisha mbali. Apu nyingi nzito nilizokagua hazikulemewa na lugha. Zililemewa kwa sababu aliyeziandika hakujua ni kitu gani kimebaki kwenye memori, yaani RAM, na nani bado anakishikilia.

Tuanze na lugha yenyewe. Kwenye Android, Java na Kotlin huishia pamoja: zote hugeuzwa kuwa baitikodi (maagizo yanayosomwa na mfumo wa simu) ya aina moja na kuendeshwa na ART, mfumo wa kuendesha apu uliochukua nafasi ya Dalvik katika Android 5.0 mwaka 2014. Kwa hiyo ukisikia mabishano kwamba Kotlin inakula RAM kuliko Java, usipoteze muda wako hapo. Ndani ya ART yumo mzoa taka, anayepita kutafuta vitu ambavyo hakuna anayevitumia tena na kuviondoa. Anakupunguzia kazi kubwa, lakini anataka nafasi. Mwaka 2005 watafiti Matthew Hertz na Emery Berger walilipima jambo hili kwa programu za Java. Mzoa taka alilingana kwa kasi na ufutaji wa mkono pale tu alipopewa memori mara tano ya ile iliyohitajika. Alipopewa mara mbili, kasi ilishuka kwa karibu asilimia 70. Wazoa taka wa leo ni bora kuliko wale, lakini tabia ya msingi ni ileile: RAM ikibana, anapita mara kwa mara, na mtumiaji anaona simu inakwamakwama.

Upande wa iPhone, lugha ya Swift haina mzoa taka. Kila kitu kina hesabu ya wanaokishikilia, na hesabu ikifika sifuri kinafutwa papo hapo. Hiyo ni sababu mojawapo ya iPhone kuweza kwenda vizuri kwa RAM ndogo kidogo. Mtego wake ni vitu viwili vinavyoshikana: kila kimoja kinasubiri mwenzake aachie, hesabu haifiki sifuri, na vyote vinabaki mpaka apu ifungwe. Ukianza Swift, jifunze mapema kabisa neno `weak`, linalokiwezesha kitu kumtaja mwenzake bila kuongeza hesabu yake.

Flutter na React Native, zana za kuandika apu moja kwa Android na iPhone, hubeba injini zake ndani ya apu. Hata apu tupu, isiyo na kitu zaidi ya maandishi mawili, itachukua memori kuliko ya Kotlin. Facebook walipotoa Hermes mwaka 2019, injini ya JavaScript kwa ajili ya React Native, matumizi ya memori yalikuwa miongoni mwa mambo makuu waliyotaka kuyapunguza. Kama uko peke yako na mteja anataka Android na iPhone kwa pamoja, gharama hiyo inalipika. Kama watumiaji wako wengi wako kwenye simu za bei ya chini, ningechagua Kotlin bila kusita.

Sasa picha, maana hapa ndipo RAM inapokwisha kweli. Chukua picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000. Faili lake la JPEG huenda lina MB 4 tu. Lakini skrini haionyeshi JPEG. Picha lazima ifunguliwe kwanza, na kila pikseli kwa kawaida huchukua baiti 4. Milioni 12 mara 4 ni MB 48. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na RAM ya MB 192 na kila apu iligawiwa MB 16. Picha hiyo moja isingeingia. Simu za leo zina nafasi zaidi, lakini orodha ya bidhaa kumi zenye picha kamili ni MB 480, na simu ya GB 2 haina nafasi hiyo ya kugawa.

Wengi wanadhani kubana faili kunasaidia. Kunaokoa bando la mtumiaji, na hilo ni jema, lakini hakugusi RAM hata kidogo. Kinachosaidia ni kufungua picha kwa ukubwa utakaoonekana. Kwenye Android, ukiweka `inSampleSize` (mpangilio wa kupunguza picha inapofunguliwa) kuwa 4, picha ileile inafunguliwa kwa pikseli 1000 kwa 750, na inachukua MB 3. Maktaba kama Glide na Coil zinakufanyia hesabu hii zenyewe, mradi zijue ukubwa wa mahali picha inapowekwa.

Baada ya picha, tafuta uvujaji, yaani memori isiyoachiliwa baada ya kutumika. Mtumiaji akigeuza simu kutoka wima kwenda ulalo, kwa kawaida Android huiua Activity (ukurasa wa apu) iliyopo na kuunda nyingine. Kama kuna kitu cha kudumu katika apu kilichoishika ile ya zamani, basi ukurasa wote unabaki kwenye memori, pamoja na picha zake, na mzoa taka hana ruhusa ya kuugusa. Lugha yoyote utakayochagua haitakukinga na hili. LeakCanary, zana ya kutafuta uvujaji iliyotolewa na kampuni ya Square mwaka 2015, itakuonyesha ni nani aliyeshika. Au geuza simu mara kadhaa kisha, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu, andika `adb shell dumpsys meminfo` na jina la apu yako, usome mstari wa Activities. Namba ikipanda kila unapogeuza na isishuke hata baada ya kusubiri, kuna kitu kimeshikiliwa.

Kuna jambo la mwisho, na kwa soko letu naliona kuwa zito kuliko yote. Fikiria mama wa Mbagala au Kayole mwenye Itel au Tecno ya RAM ndogo. Amejaza fomu ndefu ya usajili, na apu yako inamwambia aweke namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa SMS. Anakwenda kwenye ujumbe, anaisoma, anarudi. Katika sekunde hizo Android, ikitafuta nafasi, imeiua apu yako. Anakuta fomu tupu. Anajaza tena, inatokea tena, anaachana nayo. Wewe mwenye simu ya GB 8 hutaliona hilo kamwe.

ViewModel, sehemu ya apu ya Android inayotunza data ya ukurasa, huihifadhi simu ikigeuzwa, lakini apu ikiuawa nayo inakufa. Yale aliyoandika mtumiaji yaweke kwenye `SavedStateHandle` au `onSaveInstanceState`, na kama fomu ni ndefu, iandike kwenye hifadhi ya simu anapomaliza kila sehemu. Kujaribu ni rahisi: jaza nusu ya fomu, bonyeza kitufe cha nyumbani, tuma `adb shell am kill` na jina la apu, kisha ifungue tena kutoka kwenye orodha ya apu za karibuni. Fanya hivyo leo kwenye apu uliyonayo, kabla hujafikiria kuihamishia lugha nyingine.