Kabla hujaulizia mashine, ipindue boti

Mpwa wangu anaishi Tacoma. Wiki iliyopita alinipigia saa tano usiku, roho juu juu. "Shikamoo mjomba. Nimeona boti ya mbio, haidro, inauzwa, mashine yake Yamato, mwenyewe anasema haijawahi kufunguliwa. Niichukue?" Nikamwuliza imeundwa na nani. Hajui. Nikamwuliza tumbo lake likoje. Akasema picha zote zimepigwa kwa juu.

Nilimjibu palepale, lakini naona niyaandike kabisa, maana si yeye peke yake. Vijana wetu kadhaa hapa jimbo la Washington, Marekani, wameingiwa na mapenzi ya mbio za boti za mashine ya kupachika, ile inayofungwa nje nyuma ya boti, na kila anayenitafuta anapitia mlango uleule: mashine gani, nguvu farasi ngapi, inakwenda kilomita ngapi kwa saa. Ushauri wangu ni mmoja na sijauona ukishindwa. Mjue kwanza aliyeiunda boti, kisha ipindue uitazame chini. Mashine mtaijadili mwisho.

Kwa asiyezijua, haidro ndogo ya mbio ni boti ya plaiwudi nyembamba ambayo watu wawili wanaibeba bila kuhema. Mbele ina matumbo mawili yaliyochongoka, kulia na kushoto, wenyewe wanayaita sponsoni, na katikati yake hewa inapita. Dereva haketi. Anapiga magoti, kifua kimelala mbele, mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umebana kishikio cha mafuta. Ukikiachia kinarudi chenyewe na mashine inapunguza kasi. Boti ikishashika kasi inagusa maji mahali patatu tu: kwenye visigino vya sponsoni mbili, na nyuma pale kwenye rafadha, lile panga linalosukuma boti. Kwingine kote iko hewani. Sasa kama chombo kizima kinasimama juu ya sehemu tatu ndogo kama hizo, basi hizo ndizo unazonunua. Rangi na stika ni nguo tu.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka 1997, nikiwa nimekaa hapa miaka mitatu, nilinunua boti yangu ya kwanza kwa dola 900, fedha niliyoichuma kwa zamu za usiku ghalani. Nyekundu, inang'aa mpaka unajiona uso. Nami ni mtoto wa fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, nimekulia kwenye maranda ya mbao na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupakia vyombo, lakini ile rangi ilinisahaulisha yote aliyonifunza baba. Sikuipindua wala sikuigonga. Siku ya tatu ziwani, nimefungua mafuta yote kwenye mstari ulionyooka, nikasikia mlio kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini, na mashine ikalala upande. Ubao wa shetri, ule unaobeba mashine, ulikuwa umeoza ndani, ukazibwa kwa puti na kupigwa rangi juu. Aliyeniuzia alijua. Puti ilikuwa bado laini, niliichimba kwa ukucha. Hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu kwa kasi ile mashine ingeweza kung'oka na kunirukia.

Aliyenivuta hadi ufukweni alikuwa mzee mmoja fundi wa boti. Jina lake silitaji, hakupenda kutajwatajwa. Mashine hakuitazama hata mara moja. Aliipindua boti kwenye nyasi, akaenda garini kwake akarudi na rula ya chuma ya mita moja, akaisimamisha kwa ubavu juu ya tumbo la boti, akawasha tochi upande wa pili. Mwanga ukapenya chini ya rula mahali pawili. "Unaona hapo?" akaniuliza. "Hata huo ubao ungekuwa mzima, usingemfikia mtu." Jumamosi iliyofuata nilikuwa karakana kwake, nikafagia, nikapiga msasa, nikabaki naye miaka kumi na moja.

Huu mwanga chini ya rula ndio moyo wa jambo, kwa hiyo niukalie kidogo. Boti inayoteleza juu ya maji inataka maji yaondoke nyuma yake kama yaliyokatwa kwa wembe. Tumbo likiwa limebonyea ndani karibu na shetri, maji yanaisukuma nyuma juu na pua inashuka, boti inakuwa nzito, inalima. Likiwa limevimba nje, maji yanailamba na kuivuta nyuma chini, pua inapanda, inashuka, inapanda, na utaruka kama chura mpaka mwisho wa mbio. Unene wa kadi ya simu unatosha kufanya hivyo. Na ukingo wa nyuma uwe mkali. Ukishaviringika kwa kuburuzwa kwenye trela, kasi imeshapungua. Kwenye sponsoni ni hivyohivyo, tena zote mbili ziwe na mwinamo uleule. Zikitofautiana, boti itakwenda vizuri kwenye mnyoosho na kukutupa kwenye kona.

Nilipomweleza baba kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni meza, si chombo." Nilimwelewa. Jahazi halina mstari ulionyooka popote, kila taruma, yaani ubavu wake wa ndani, limetafutwa mtini likiwa na pindo lake, na fundi anaamua kwa jicho. Haidro inataka unyoofu usio na huruma. Lakini mikono ni ileile. Mzee alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja tumboni mwa boti, polepole, kutoka mbele kwenda nyuma, na alikuwa akisimama palepale ambapo rula ingesimama. Baba naye alikuwa akifanya hivyo kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa wa jahazi.

Mzee alianza utotoni Seattle. Mwaka 1950 boti iitwayo Slo-mo-shun IV, iliyochorwa na Ted Jones na kuundwa kwenye karakana ya Anchor Jensen, ilikwenda maili 160 kwa saa kwenye Ziwa Washington, yaani kama kilomita 258, ikavunja rekodi ya dunia. Kiangazi hichohicho ikalichukua Kombe la Dhahabu huko Detroit, na kwa kuwa mshindi ndiye aliyekuwa akiyapeleka mashindano kwao, mwaka 1951 yakaletwa Seattle. Mji ukarukwa na akili. Watoto wakawa wanajichongea vihaidro vya mbao na kuviburuza nyuma ya baiskeli mitaani. Mzee alikuwa mmoja wao. Ile ilikuwa boti kubwa ya mashine ya ndani, haihusu mifuko ya watu wa kawaida, ila ndiyo iliyowatia watoto wale wazimu, na mtoto wa fundi bomba hana njia ya kuingia isipokuwa plaiwudi na mashine ya kupachika. Majarida ya ufundi ya miaka ile yalikuwa yanachapisha michoro, mtu anaunda gereji kwake majira ya baridi na kushindana kiangazi.

Alinisimulia sana mbio za Mto Sammamish, zilizokuwepo tangu miaka ya 1930 hadi 1976, kutoka Kenmore kwenda Redmond kwenye mfereji mwembamba wenye kona juu ya kona, watu wamejaa kingo zote mbili. Alisema pale hakuna aliyeshinda kwa mashine. Walishinda wale ambao boti zao zilikuwa zinageuka bila kuomba ruhusa.

Na ukiitazama historia utaona mafundi wamesimama kila mahali. Hiyo hesabu ya kugusa maji mahali patatu ilitoka kwa Apel baba na mwana, Adolph na Arno, wa karakana ya Ventnor huko New Jersey, miaka ya 1930. Mwaka 1958 Hubert Entrop alikuwa wa kwanza kupita maili 100 kwa saa kwa mashine ya kupachika, akafika 107, hapahapa Ziwa Washington. Mwaka 1989 Bob Wartinger akaifikisha rekodi hiyo maili 176 na kitu, kilomita 284, kule Parker, Arizona. Italia, kando ya Ziwa Como, Angelo Molinari na mwanawe Renato walikuwa wanaunda boti, na Renato huyohuyo akazipanda na kuwa bingwa wa dunia wa Fomula 1 ya boti mwaka 1981, 1983 na 1984. Fundi anayelala kwenye tumbo la boti yake usiku na kulipanda asubuhi anajua mambo ambayo kiwanda hakijui.

Mashine siidharau. Carl Kiekhaefer alianza kampuni ya mashine za Mercury mwaka 1939 Cedarburg, Wisconsin, kwa kuzikarabati mashine mbovu zilizokataliwa na duka, na kwa miaka mingi mashine zake ndizo zilizotawala mbio hizi. Leo ukiingia C Stock, moja ya madaraja ya mbio hizi, utakuta Yamato za Kijapani, zilezile za mbio za boti za Japani, zilizoanza mwaka 1952, ambako dereva anapewa mashine kwa kura. Na hapo pana somo: kama wote mna mashine moja, tofauti iko wapi? Iko kwenye boti na magoti yako.

Kwa hiyo mpwa wangu, na wengine mnaosoma, mkienda kuitazama boti, ombeni ipinduliwe. Anayekataa, mwageni kwa heri. Gonga ubao wa shetri kwa mpini wa bisibisi kutoka ukingo hadi ukingo. Mbao nzima inalia kama mlango, iliyooza inajibu kama mkate. Nusa ndani. Uvundo wa ukungu haufichwi na rangi. Kisha chukua tochi, ingiza kichwa chini ya sitaha ya mbele, utafute maandishi ya penseli. Mafundi wengi walikuwa wakiandika huko ndani, vipimo, mwaka, pengine jina. Ukilipata jina, ulizia kwenye viwanja vya mbio, kwa wazee. Watakuambia boti hiyo ilishinda wapi na ilibinuka wapi. Kuna jumba la makumbusho la boti za mbio mjini Kent, lina watu wanaofufua boti za zamani kwa mikono yao. Nendeni mkawatazame wakifanya kazi. Mimi ningewapeleka huko kabla hamjatoa hata dola moja.

Ukishainunua, usiirekebishe kama mtu anayekoroga uji. Urefu wa mashine kutoka majini, mwegamo wake, rafadha: gusa kimoja, kimbia, andika daftarini, ndipo uguse kingine. Nimeona watu wakibadilisha vitatu kwa pamoja, boti ikapata kasi, na mpaka kesho hawajui kilichowasaidia.

Na siku ya mbio heshimu saa. Hamwanzi kwa kusimama. Mnazunguka, saa kubwa inahesabu dakika moja, na unatakiwa kuukata mstari ikifika sifuri. Ukiwahi, umetolewa. Wageni wote wanawahi. Hesabu ya pointi nayo haimpendi mwenye pupa: wa kwanza 400, wa pili 300, wa tatu 225, na mnashindana mara mbili. Anayeshinda mara ya kwanza na kuzama ya pili anaondoka na 400. Anayekuwa wa tatu mara zote mbili ana 450. Mzee alinifanya niandike hesabu hiyo kwa penseli ukutani mwa karakana, na kabla ya kila mbio ananiuliza wa tatu mara mbili ni ngapi.

Mavazi usiyafanyie mzaha. Vaa ile suti isiyokatika kirahisi kwa rafadha, kofia ngumu, jaketi la kuokolea, na ile kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi hata kama unajaribu tu kwa dakika mbili. Maji ya huku ni baridi ya kukata pumzi. Nimeanguka mwezi wa nne, kwa sekunde kadhaa kifua kiligoma kabisa kuvuta hewa. Jaketi ndilo lililonishikilia juu ya maji. Mwenye mtoto wa miaka tisa anaweza kumwingiza daraja la J, la watoto, nao wanaanza na mashine iliyobanwa isikimbie. Binti yangu alianzia huko, kwenye boti ya mwisho aliyoiunda mzee. Ndani ya sitaha aliandika urefu wa magoti ya mtoto.

Mzee alifariki majira ya baridi mwaka 2011. Rula yake ya chuma alinipa yeye mwenyewe, ina kutu kidogo upande mmoja na herufi zimefutika, lakini ukingo wake bado umenyooka.

Mpwa wangu, Jumamosi nakuja nayo. Mwambie mwenye boti asitupigie picha nyingine, atutafutie stuli mbili za kuilazia, na wewe uje na tochi.