Mume wangu amefariki, na mbwa wake mdogo ndiye anayeniliwaza. Je, napata dhambi?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mjane, naishi Muheza. Mume wangu alifariki miezi saba iliyopita na eda nimeshaimaliza. Marehemu alikuwa na shamba la michungwa, na alifuga mbwa mdogo wa kufukuza ngedere. Tangu tulipomzika, mbwa huyo haendi tena shamba. Kila ikifika magharibi huja kulala barazani juu ya makubadhi ya marehemu, nami hukaa karibu naye mpaka moyo utulie. Wanangu wawili, wa kiume na wa kike, wako Dar es Salaam. Shemeji yangu anasema nyumba yangu haiingii malaika na sala zangu hazisihi. Anataka amuuze mbwa, na akikosa mnunuzi amtilie sumu. Jirani naye ananiambia huenda ni roho ya mume wangu imerudi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mama yangu. Mwenyezi Mungu amghufirie marehemu, alitie nuru kaburi lake, na wewe akupe subira na ujira wake.

Nianze na lililokuelemea zaidi. Utulivu unaokujia unapomwona mnyama aliyezoeana na mumeo si dhambi, kwa sababu mtu hahukumiwi kwa huzuni iliyomo moyoni wala kwa faraja iliyomjia bila ya kuitafuta. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alisema kuwa jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na yupo yule mtoto Abu Umayr, ndugu yake Anas kwa mama, aliyekuwa na kijindege akichezea, kikafa. Mtume alipomkuta amenuna kwa majonzi alimwuliza kwa upole, "Ewe Abu Umayr, kijindege kimefanya nini?" Hakumwambia kuwa ndege si kitu cha kuliliwa. Ikiwa mtoto alisemezwa hivyo kwa ajili ya kijindege, sembuse wewe uliyeondokewa na mwenzio.

Hukumu, basi, haiko kwenye faraja yako. Iko kwenye mambo mawili: sababu ya kumweka mbwa huyo na mahali anapokaa, kisha tohara yako.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa kila siku na kirati, yaani fungu la thawabu, katika ujira wa amali zake, na katika mapokezi mengine kirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Marehemu alimfuga kwa ajili ya shamba, kwa hiyo hakuwa na kosa. Ama mbwa wa kulinda nyumba, Imamu Nawawi ametaja kauli mbili za wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akaona iliyo sahihi zaidi ni kujuzu, kwa kuwa haja ya ulinzi ni ile ile. Mwanamke anayelala peke yake pembezoni mwa shamba, watoto wake wako mbali, haja hiyo anayo. Udogo wa mbwa hauharibu ruhusa, maana mwizi hurudishwa na kubweka kabla hajaona ukubwa wa anayebweka. Kwa hiyo mweke kwa nia ya ulinzi wa nyumba na shamba. Mjengee kibanda uani, mtengee chombo chake cha maji na cha chakula, na ukitaka kukaa naye jioni, kaa. Kumwingiza chumbani na kumlaza kitandani ni jambo jingine, na kwa hilo sina ruhusa ya kukupa, ingawa najua usiku wa mjane ni mrefu.

Kuhusu malaika, Hadithi ipo na ni sahihi: hawaingii nyumba yenye mbwa. Wanazuoni wameeleza kuwa wanaokusudiwa ni malaika wa rehema, si wale wanaoandika amali, ambao hawamwachi mtu. Imamu Khattabi alisema katazo hilo halimhusu mbwa aliyeruhusiwa kufugwa, na Imamu Nawawi akaelekea kuwa linamhusu kila mbwa. Kibanda cha uani, nje ya kuta unamolala na kusali, kinakutoa katika hitilafu hiyo.

Ama kauli kwamba sala zako hazisihi, shemeji yako ameikosea. Kwa Imamu Malik mbwa aliye hai si najisi. Kwetu sisi ni najisi nzito, lakini najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu. Mbwa mkavu akikugusa kanga yako kavu, hukunajisika. Akikulamba, au akikugusa naye amelowa, osha mahali hapo mara saba, moja kati yake kwa udongo safi uliochanganywa na maji, na kauli yenye nguvu kwetu ni kuwa sabuni haishiki nafasi ya udongo. Uwanja wa nyumba ukiwa ni wa udongo wenyewe, unatosha kuumiminia maji mara saba bila ya kuongeza udongo mwingine. Na ukishuku kama amekugusa akiwa amelowa au la, iache shaka hiyo, kwa sababu yakini haiondolewi na shaka. Weka kanga moja ya barazani na nguo nyingine ya sala, na utapumzika na mashaka mengi.

Jirani mwambie kwa wema kuwa roho ya mumeo iko barzakhi mpaka siku ya kufufuliwa, kama ilivyo katika Sura Al-Muuminun, aya ya 100. Haiingii katika mbwa wala mnyama mwingine yeyote. Mbwa huyu anamtafuta bwana wake kwa harufu, na harufu hiyo imebaki kwenye makubadhi.

Shemeji yako hana amri katika jambo hili. Mtume amekataza thamani ya mbwa, kwa hiyo biashara hiyo haisihi na pesa yake si halali. Tena mbwa kwetu si mali, bali ni haki ya kumtumia, na haki hiyo huhamia kwa warithi. Maadamu marehemu ameacha mtoto wa kiume, ndugu yake hana fungu. Warithi ni wewe na wanao wawili, pamoja na wazazi wa marehemu wakiwa hai. Mkitaka kumpa mwenye shamba mwingine bila ya malipo, inajuzu. Sumu kwa mbwa asiye na madhara ni haramu, na tunajua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa kwa njaa.

Na kama shemeji anatafuta la kufanya, Mtume amesema anayemhangaikia mjane na maskini ni kama anayepigana katika njia ya Mwenyezi Mungu. Miezi saba ni mingi kwa mtu kukosa wa kumbishia hodi jioni, na naona mbwa huyu ameshika zamu ambayo ilikuwa ya ndugu na majirani.

Yamebaki makubadhi. Mtandikie mbwa gunia kuukuu kibandani, kisha uyaoshe makubadhi mara saba, moja kwa udongo, na uyaanike. Mwanao akija kutoka Dar es Salaam, na warithi wengine wakiridhia, mpe ayavae kwendea msikitini.