Usifomati kwanza: kompyuta inapogoma kuwaka baada ya kusasisha mfumo

Simu iliingia saa nne usiku, mdogo wangu akilia. Alikuwa amesasisha Linux kwenye laptopu yake kutoka toleo la zamani kwenda jipya, akaiwasha upya, na sasa kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi meupe, hakuna kitufe kinachokubali. Humo ndani mlikuwa na utafiti wake wa miezi minane. Mwenzake alishamshauri afomati diski, aweke mfumo upya, yaishe.

Nilimwomba asiguse chochote, apige tu picha ya kile kioo anitumie.

Mstari uliokuwa na maana ulisema hivi: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Ukiusoma kwa mara ya kwanza unatisha. Mimi nilishusha pumzi. Mstari ule ulikuwa unasema keneli, yaani kiini cha mfumo, imeshaamka, ila haijapata njia ya kuifikia diski. Kukosa njia si sawa na diski kufa, na faili zinakuwa palepale zilipokuwa. Anayefomati wakati huo anafuta kwa mkono wake kitu ambacho hitilafu yenyewe haikukigusa.

Kompyuta inapowaka, kazi inakwenda kama mbio za kupokezana vijiti. Programu ya ubao mama, UEFI au BIOS, inakagua vifaa kisha inampa kijiti kipakiaji. Kwenye Linux nyingi ni GRUB. Kipakiaji kinaleta keneli pamoja na initramfs, kifurushi kidogo kilichobeba draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, za kuifikia diski. Keneli inafungua diski, huduma zinaanza moja moja, mwishowe unaombwa nywila. Basi kabla ya kuandika amri yoyote, jiulize kijiti kimeangukia wapi. Nembo ya mtengenezaji ikionekana halafu ukaambiwa hakuna diski ya kuwashia, tatizo liko kwenye kipakiaji au kwenye mpangilio wa BIOS. Ukiona "grub rescue>", kipakiaji kipo lakini hakioni faili zake. Na kama hata nembo haitokei, sasisho linasingiziwa tu: angalia umeme, kioo na RAM.

Kusingiziwa huko ni kwingi kuliko watu wanavyodhani. Mashine inaweza kukaa miezi bila kuwashwa upya, na siku ya kusasisha ndiyo siku ya kwanza inazimwa kabisa. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imeisha, ile ya CR2032, mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani. Diski iliyokuwa ikisomwa kwa AHCI inaweza kujikuta kwenye RAID (hizo ni njia mbili tofauti za kuisoma diski, zinazochaguliwa kwenye BIOS), na mfumo ukashindwa kuiona. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kadhaa, anza na hiyo betri.

Turudi kwa mdogo wangu. Nilimwambia ashikilie kitufe cha umeme mpaka mashine izime, aiwashe tena, kisha abonyeze Esc mpaka menyu ya GRUB itokee. Kwenye mashine za BIOS ya zamani unashikilia Shift. Humo aingie "Advanced options", achague keneli yenye namba ndogo, ile aliyokuwa akiitumia kabla ya kusasisha. Sasisho kwa kawaida huiacha keneli ya zamani mahali pake, kwa ajili ya siku kama hiyo.

Ikawaka. Nilimsikia akinyamaza, kisha akasema, "Kaka, faili zipo."

Kabla ya kutengeneza chochote, alinakili utafiti wote kwenye diski ya nje. Hapo siruhusu mjadala: mashine iliyokubali kuwaka mara moja haijakuahidi mara ya pili. Kisha akaandika "df -h /boot", amri inayoonyesha nafasi iliyotumika. Asilimia 100. Patisheni ya /boot, sehemu ya diski inayotunza keneli, ilikuwa imejaa keneli za zamani, kwa hiyo keneli mpya ilipata nafasi ya kuingia lakini initramfs yake haikupata. Alitazama kwanza "uname -r" ili ajue keneli anayoitumia asije akaiondoa, halafu "sudo apt autoremove" kuondoa za zamani zisizohitajika, akisoma orodha kabla ya kukubali. Ikafuata "sudo dpkg --configure -a" kumalizia kazi iliyokatikia njiani, "sudo update-initramfs -c -k" pamoja na namba ya keneli mpya, na "sudo update-grub". Amri hizi ni za Linux za familia ya Debian, kama Ubuntu. Kwingine majina hubadilika, hatua ni zilezile.

Kuna dalili nyingine mbili ninazokutana nazo sana. Ya kwanza, mashine inasubiri sekunde 90 ikihesabu, kisha inakuingiza kwenye hali ya dharura. Tazama /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa mfumo unapowaka: mara nyingi kuna mstari unaodai diski ambayo haipo tena au UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho, imebadilika. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari huo, na kama faili linakataa kuandikwa, tanguliza "mount -o remount,rw /". Ya pili, kioo kinakuwa cheusi pale ambapo ungetarajia kuombwa nywila. Hiyo mara nyingi ni draiva ya michoro. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na "linux", kisha Ctrl+X. Badiliko hilo ni la mara hiyo moja, halivunji kitu.

Ikishindikana kote, washa mashine kwa flashi yenye Linux ya majaribio uokoe faili zako kwanza. Ukitaka kuendesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski, patisheni husika iwe haijafunguliwa, la sivyo unaweza kuharibu kilichokuwa kizima.

Kwa wenye Windows, mashine ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huingia yenyewe kwenye menyu ya uokoaji. Jaribu "Startup Repair", kisha kuondoa sasisho la mwisho. Ukihamia toleo jipya, una siku 10 za kurudi ulikotoka. Ila ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayoifunga diski kwa siri), wenye tarakimu 48, uandike mahali pengine leo, kabla haujahitajika. Bila huo hata fundi mwenye nia njema hawezi kukufungulia diski.

Mdogo wangu alilala saa nane usiku huo. Siku hizi kabla ya kusasisha hunitumia picha ya "df -h /boot", hata kabla ya salamu.