Viti vya ngozi na vumbi jekundu la Lubumbashi

Juni ya mwaka juzi nilimchukua mama mkwe soko la Kenya (Kenya ya kwetu, komini, si nchi) na bidoni lake la lita tano la mawese. Buti lilikuwa limejaa makaa, kwa hiyo bidoni likapanda kiti cha nyuma kama abiria. Asubuhi za Juni hapa ni baridi, mafuta yalikuwa yameganda nusu, hata ukilitikisa huskii kitu. Saa tisa alasiri, baada ya gari kukaa juani Katuba vioo vimefungwa, yalikuwa yameshakuwa maji. Na kifuniko hakikukazwa.

Viti vya Harrier yangu ni vya ngozi, rangi ya maziwa. Mkwe naye hakemewi. Nikasema, "Si kitu, mama," nikatabasamu kwa meno tu.

Nilichofanya jioni ile ndicho ningefanya tena leo. Sikugusa maji. Nilibandika kitambaa kikavu juu ya mafuta, nikabonyeza bila kusugua, nikageuza upande safi, nikabonyeza tena. Kisha nikanyunyiza unga wa bukari (ugali), mwingi, nikauacha ulale hapo. Unga unanyonya mafuta, na usiku wa Juni ukanisaidia: kufikia alfajiri, mawese yaliyoingia kwenye mishono yalikuwa yameganda tena, nikayachokoa kwa kijiti cha meno. Baada ya hapo ndipo sabuni.

Lakini kusema haki, mawese hayakuniharibia viti kama nilivyoharibiwa na lavaji, pale wanapoosha magari, mwaka mmoja kabla. Vijana walipiga sabuni ya unga ya kufulia, wakasugua kwa brashi ngumu ile ile ya mazulia, wakamalizia kwa kupulizia kitu cha kung'arisha. Nililipa nimefurahi. Wiki mbili baadaye kiti cha dereva kilikuwa kimefifia pembeni, na ule mng'ao ulikuwa umekusanya vumbi lote la barabara ya Kasumbalesa.

Hapo nikaanza kujifunza. Ngozi ya magari mengi ya siku hizi haiko uchi. Juu yake kuna rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa plastiki unaoikinga. Unachosafisha ni ule utando. Ukiukwangua, umeshaingia kwenye rangi. Jaribu tone la maji mahali pasipoonekana: likikaa juu, utando upo. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi yako haina kinga, na hiyo usiipelekee sabuni za kubahatisha. Tena usishangae ukikuta ubavu wa kiti na mgongo wake ni plastiki tupu. Viwanda vingi huweka ngozi pale tu mwili unapogusa.

Adui mkubwa kwetu ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba karibu hakuna mvua, na hili vumbi jekundu ni mchanga mdogo. Ukipitisha kitambaa chenye maji kabla ya kuliondoa, unakipiga kiti msasa. Kwa hiyo mimi huanza na mashine ya kunyonya vumbi, yenye mdomo wa brashi laini, na mishono naifungua kwa vidole viwili ili hewa ifike chini. Kazi hii huchukua muda kuliko zote, na watu ndiyo wanayoiruka.

Kwa kusafisha, nunua dawa iliyoandikwa kwamba ni ya ngozi ya gari. Ya viatu hapana, rangi yake itahamia kwenye suruali. Ukikosa, matone machache ya sabuni laini ya maji, kama ile ya kuogeshea mtoto, ndani ya lita moja ya maji ya vuguvugu. Ngozi ina asili ya uchachu kidogo. Sabuni ya mche na ya unga ziko upande wa pili kabisa, ndiyo maana zinaikausha. Chukua povu, acha maji. Kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoke, hasa kama viti vina matundu madogo au waya za kupasha joto ndani. Fanya eneo la ukubwa wa sinia, futa, kausha, songa mbele. Tumia kitambaa cheupe: kikitoka na wekundu wa vumbi au buluu ya jinzi mpya, endelea. Kikitoka na rangi ya kiti chenyewe, simama hapo hapo.

Utajuaje kwamba kiti kimekuwa safi? Kinapoacha kung'aa. Ngozi ya gari ikitoka kiwandani kwa kawaida haina mng'ao, imetulia tu. Kule kung'aa unakokuona mahali pa kukalia ni jasho, mafuta ya mwili na vumbi vilivyoshikana. Wengi wetu tunalipa ili kuurudisha uchafu kwa jina la urembo.

Krimu ya kulainisha ni kidogo kuliko unavyodhani. Kiasi cha haragwe moja kwa eneo lile la sinia, kwenye kitambaa, si moja kwa moja kitini. Acha dakika kumi na tano kivulini, kisha futa kilichobaki. Mimi hupaka mara tatu au nne kwa mwaka. Mafuta ya kupikia na vaselini, yaachie jikoni na ngozi yako mwenyewe: utando hauyanywi, yanabaki juu, yananata, na ya kupikia yatavunda. Nyufa nazo haziponi kwa krimu, hata wakuapie. Ni kazi ya fundi wa kujaza na kupaka rangi upya.

Oktoba, jua linapokuwa kali, mimi hufunika viti kwa kitenge. Kiwe cha zamani, kilichofuliwa mara nyingi, maana kipya kikipata unyevu kinaacha maua yake kitini. Na kwa sisi wenye volani (usukani) kuume: ile pembe ya kulia ya kiti cha dereva ndiyo inayokufa kwanza, kwa sababu tunaiburuzia makalio kila tunaposhuka. Inua mguu, geuka, simama. Mke wangu anasema nashuka kama mzee wa kanisa. Sawa tu.

Doa la mawese bado lipo, mstari mwembamba wa manjano ndani ya mshono. Siku hizi bidoni linasafiri kwenye buti, ndani ya beseni. Mama mkwe hukagua kifuniko mwenyewe, mara mbili, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwaga.