Jibu: Nitajuaje programu huria ya simu ni nzuri?

Mkuu, umeuliza uangalie nini zaidi ya nyota za watumiaji. Anza na leseni: bila GPL, MIT, Apache au nyingine inayotambulika, msimbo (maandishi yaliyoiunda programu) kuonekana tu hakuifanyi programu kuwa huria, yaani ya kutumiwa na kubadilishwa na yeyote. Kisha angalia msimbo umeguswa lini mara ya mwisho na kama watengenezaji wanajibu hitilafu zinazoripotiwa. Programu nyingi hufeli hapo, hata zile zenye sura nzuri. Ruhusa nazo: kikokotoo kinachotaka kusoma namba ulizohifadhi, kifute. F-Droid, duka la programu huria za Android, inasaidia, maana programu nyingi huziunda yenyewe kutoka kwenye msimbo na huweka onyo zikiwa na vifuatiliaji, yaani vitu vinavyofuatilia unachofanya. Onyo si marufuku lakini, lisome kwanza. Halafu jaribu kama unaweza kuzitoa data zako nje ya programu kabla hujazijaza nyingi humo.