Kinu, Mchi na Mzinga kwa Kiesperanto

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwezi wa nne najifunza Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, kwa simu. Juzi nilikaa uani kwa bibi nikajaribu kutaja kila ninachokiona. Ndoo niliipata, sitelo. Sahani, telero. Lakini kinu, mchi, ungo na mzinga wa nyuki vimenishinda. Kwa kuwa nomino zote huishia na -o, niseme tu kinuo na mchio?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kinuo! Nimecheka peke yangu hapa. Kabla ya kukopa, uliza kitu hicho kazi yake nini. Kutwanga ni pisti. Kiambishi -il- ni cha kifaa, -uj- ni cha chombo kinachobeba kitu ndani. Basi mchi ni pistilo, kinu ni pistujo. Ungo una ubishi kidogo. Kupepea na kupepeta vyote ni ventumi, kutoka vento, upepo. Ukisema ventumilo watu watadhani ni kipepeo cha jikoni. Mimi hutanguliza nafaka: grenventumilo. Refu kama treni ya Mpanda, lakini linaeleweka.

Zamenhof, aliyeibuni lugha hii na kutoa kitabu chake cha kwanza Warsaw mwaka 1887, alisimulia kwamba wazo la viambishi lilimjia akiwa mwanafunzi, kwa kuona vibao viwili vya Kirusi, kimoja cha chumba cha bawabu, kingine cha duka la peremende, vyote vikiishia -skaja. Kamusi iliyokuwa ikimtisha kwa unene ikaanza kukonda.

Nasi tunafanya hivyohivyo: kufagia, ufagio, kufunika, mfuniko. Ila ufunguo hunichekesha. Kwa wasema Kiesperanto ni ŝlosilo (tamka shlosilo), kifaa cha kufungia. Kwetu umetokana na kufungua. Chuma ni kilekile: wao wamemtazama mwenye nyumba akitoka, sisi tumemtazama akirudi.

Mzinga ni abelujo, maana abelo ni nyuki. Chunga irabu hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia rafiki wa kalamu wa Polandi kwamba shemeji yangu kapandisha abelejo juu ya mninga. Kumbe -ej- ni mahali. Akajibu haraka kuliko siku zote: shamba zima la nyuki, mmelipandisha kwa ngazi gani?