Mganga hakushindwa na sindano

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama waganga wa jadi walishindwa na hospitali za mkoloni kwa ubora wa tiba au kwa nguvu ya sheria. Kwa Tanganyika, naamini kwamba serikali ilipambana na mamlaka ya mganga kuliko ilivyopambana na mizizi yake.

Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyechochea Vita vya Maji Maji, aliwavuta watu kutoka mbali waje kuchukua maji ya dawa, na Wajerumani walipomnyonga huko Mohoro Agosti 1905, hawakuwa wakishindana na tabibu mwenzao. Walimwogopa mtu aliyeweza kukusanya watu wa makabila mbalimbali bila idhini ya akida, ofisa aliyewekwa na Wajerumani. Waingereza nao walitunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo kwa upana wa maneno yake ilimsogeza mpiga ramli karibu kabisa na mchawi aliyekuwa akimsaka, jambo ambalo machoni petu ni sawa na kumfunga mlinzi pamoja na mwizi.

Kwa upande wa tiba yenyewe, wagonjwa walijiamulia. Katika miaka ya 1920 sindano za buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi, zilikausha vidonda upesi hivi kwamba watu walizifuata wenyewe kwa miguu, bila kusukumwa na jumbe. Lakini atoksili, dawa ambayo Robert Koch aliitumia kutibu malale katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 hadi 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Walioikimbilia sindano ya buba na walioikimbia ile ya malale wote walikuwa na akili timamu, na inaniuma kusoma kwamba hao wa pili waliitwa washenzi.

Tena tazameni lugha yetu. Kuchanja kulikuwa kazi ya mganga: anakata chale kwa wembe, kisha anasugulia dawa ya unga. Kinga ya ndui ilipoletwa, ikapewa kitenzi kilekile, na daktari mkuu wa mkoa tunamwita Mganga Mkuu hadi leo. Marehemu bibi yangu, aliyezaliwa enzi za Mwingereza, alikuwa na chale tatu kwenye kifundo cha mkono na kovu la mviringo la ndui begani, mkono uleule. Nilipomuuliza ipi ndiyo iliyomkinga, alinijibu, “Zote nilichanjwa, mjukuu wangu,” akaendelea kupepeta mchele wake.